Kitalu cha Urefu wa Mama

Jikoni kwangu, kwenye msumari ulio karibu na dirisha, umening'inia ukili mmoja mwembamba, mkavu, wenye fundo kila mwisho. Wageni wakija huuliza kama ni mkeka nilioanza kusuka ukanishinda. Nawajibu kwamba ule ni urefu wa mama yangu. Wengine hucheka, wengine huitazama chai yao. Wiki iliyopita binti yangu aliushusha ili afungie nguo za mwanasesere wake, nami nikampigia ukelele ambao mpaka sasa unanitia haya. Mtoto aliganda na ukili wake mkononi. Nilipoupokea niliuleta puani bila kujua. Hauna harufu yoyote isipokuwa vumbi, lakini pua yangu ina ukaidi wake. Nilisikia mrihani, na nyuma ya mrihani nikasikia chumvi.

Nilikulia Marereni, nyumba chache tu kutoka mashamba ya chumvi ambako baba alikuwa akiendesha trekta. Aliyepapita mahali pale anajua nisemalo. Weupe unakuumiza macho mchana, upepo unakuachia ladha midomoni, na kamba ya nguo ukiipangusa kwa kidole, kidole kinakuwa cheupe. Maji ya kisima yalikuwa ya kufulia na kuoshea sakafu tu. Maji matamu, ya kunywa, kupikia na kuogea kwa kipimo, yaliletwa kwa mkokoteni wa punda, na siku punda akiugua kijiji kizima kilimwombea dua.

Mama hakuzaliwa na chumvi. Alitoka Malindi mjini, katika nyumba ya watu waliokuja zamani kutoka visiwa vya kaskazini, nyumba ambayo mwanamke hawezi kwenda harusini bila kikuba kifuani, kile kifurushi kidogo cha asumini, mrihani na majani mengine ya harufu. Bibi yangu, mamake, hakumsamehe baba kwa kumhamisha. Kila tulipokwenda kumtembelea alimtazama mkwewe juu mpaka chini, akauliza, "Ulimwoa binti yangu au ulimnunua ng'onda? Mbona umempeleka akakaushwe?" Baba alicheka kwa adabu, akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Mwaka ninaousimulia, nikiwa na miaka saba, mama mdogo Zuhura alichumbiwa na harusi ikawekwa mwezi wa mfungo saba. Katika nyumba yetu kulikuwa na ada moja: kikuba cha bibi harusi hutoka mkononi mwa dada yake mkubwa, na maua yake hutoka uani kwa dada huyo, si kwa jirani wala si sokoni. Mama ndiye aliyekuwa mkubwa. Nakumbuka siku hiyo nilikuwa chini ya meza nikila visheti, na juu ya meza sauti mbili zilikuwa zikivutana.

"Mwaka huu ada tutaivunja," bibi alisema. "Nitamwomba jirani. Mungu hakulaumu, mwanangu. Chumvini hakuoti ua."

"Nitaleta mimi, mama."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka uani kwangu."

Bibi alivuta pumzi. "Haya. Lakini tusikilizane. Ukija mikono mitupu, huondoki tena. Utakaa hapa nami mpaka mumeo apate kazi penye udongo. Nyumba isiyoota hata mrihani si nyumba, ni kambi."

"Tumesikilizana," mama alisema. Kisha akanivuta mguu nitoke chini ya meza, na kopo la maziwa ya unga likawekwa mikononi mwangu nilibebe. Ndani yake mlikuwa na kijiti cha asumini kutoka kwa bibi, kimeota mizizi na majani sita. Sikuelewa kilichokuwa kimewekwa rehani pale mezani. Nilichoelewa ni kwamba visheti vimekwisha.

Kesho yake asubuhi, nyuma ya nyumba, mama alitandika leso chini akalala chali juu yake. Alikuwa amenyoosha miguu, mikono ubavuni, uso juu.

"Rukia," aliniita, "chukua vile vijiti. Chomeka kimoja utosini pangu na kingine nyayoni."

"Ya nini, mama?"

"Fanya, mamangu. Jua linapanda."

Nilichomeka. Sasa najua kwamba ndivyo alivyofundishwa na bibi yake. Kitalu cha maua kisizidi urefu wa mwenye nacho, na upana wake usizidi pale mkono wake unapofika, kwa sababu anayelima zaidi ya mwili wake hatakuwa na maji ya kukitosheleza. Kwa mtu wa chumvini, anayehesabu maji kwa kata, ni shauri la busara kabisa. Lakini hakunieleza. Watu wazima wa zamani zetu hawakuwa na mazoea ya kueleza mambo. Aliinuka, akakung'uta leso, akaanza kuchimba baina ya vijiti vile viwili.

Alichimba siku nne. Alianza mapema kabla ya joto, akapumzika, akarudi alasiri, na siku baba alipokuwa hana kazi alimsaidia kwa sururu. Udongo wa juu ulikuwa na ngozi nyeupe. Wa chini ulikuwa wa kijivu, wenye maji maji, na ukikauka nao unakuwa mweupe. Jirani yetu Mama Kadzo, Mgiriama wa Vitengeni ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi pamoja na baba, alikuja akasimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Mama Rukia, mwenzangu, hii ni munyu mpaka kuzimu. Utapanda ua uvune chumvi."

"Basi chumvi ikae chini, nami nikae juu," mama alimjibu bila kusimamisha jembe. "Tutavumiliana."

Mama Kadzo alitikisa kichwa akaenda zake. Baada ya siku mbili lori la chumvi lililokuwa likirudi tupu lilisimama mbele ya nyumba, na magunia manane ya udongo mwekundu yakateremshwa. Mama Kadzo alikuwa ametuma salamu kwa kaka yake aliyekuwa akilima Vitengeni. Alipoulizwa kwa nini, alisema hapendi kuona mtu akishindana na Mungu bila silaha.

Kwa macho ya kitoto, nilianza kuona jambo jingine. Mama alikuwa mgonjwa. Asubuhi alitapika nyuma ya banda la kuku akidhani simwoni. Mchana alilala, yeye ambaye hakuwahi kulala mchana. Sahani ya wali aliisukuma. Na siku moja, akiwa peke yake kando ya yale magunia, nilimwona akimega donge la udongo mwekundu, akalitia mdomoni, akalitafuna taratibu huku amefumba macho.

Nilikimbia ndani nikajifunika shuka. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba wanawake hula udongo. Nilichokijua mimi ni kwamba udongo hula watu.

Kisha shimo likajazwa. Chini kabisa alipanga makumbi ya nazi na maganda ya chaza ili chumvi isipande, juu yake akatandaza magunia, juu ya magunia akatia udongo wa Vitengeni uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Udongo ulizidi, ukainuka juu ya ardhi, akausawazisha kwa viganja ukawa tuta lililobinuka, refu kama yeye mwenyewe. Kandokando alipanga mawe meupe, na pale palipokuwa na vijiti akaweka ganda moja kubwa la chaza kila mwisho. Katikati alipanda asumini. Upande wa kichwani akapanda mrihani.

Mrihani mimi nilikuwa nimeuona mahali pamoja tu. Kila Idi bibi alinipa vishada vyake, akaniambia nimpelekee babu. Tulikwenda makaburini pamoja na wajomba, nikavilaza juu ya tuta refu lenye mawe kandokando, na upande wa kichwani palikuwa na kichaka cha mmea uleule. Nilikuwa bado sijafika umri wa kuona vikuba vikifungwa. Kwangu mimi mrihani ulikuwa mmea wa wafu.

Basi hesabu yangu ilikuwa imekamilika. Mama anaumwa. Mama amelala chini akapimwa, na aliyempima ni mimi. Mama amechimba, amejaza, amepanda mrihani kichwani. Anajitengenezea mapema, kama alivyokuwa akifanya kila kitu mapema, asije akamsumbua mtu. Kuuliza si ujinga, tuliimbiwa hivyo kila siku, lakini nilihisi kwamba nikiuliza atajibu, na akijibu litakuwa kweli. Nikafunga mdomo. Usiku nilimshika kanga mpaka nilale, na asubuhi nilikuwa wa kwanza kumtazama kifua kama kinapanda na kushuka.

Wiki zikapita na kitalu kikaitika. Mrihani ulitangulia, ukatoa majani madogo yenye kung'aa, na jioni upepo ulipogeuka harufu yake iliingia mpaka ndani. Wote walifurahi isipokuwa mimi. Mama alikimwagilia kwa kata ya kifuu cha nazi, kidogo kidogo, maji yaliyooshea mchele, maji ya udhu aliyoyakinga kwenye beseni, maji aliyoniogeshea mimi. Alikuwa na onyo moja tu.

"Kata hii isiguse maji ya mfereji," aliniambia, akinionyesha mfereji uliopita nyuma yetu ukipeleka maji makali kwenye mashamba ya chumvi. "Maji yale yakiingia hapa, mizizi yote itakufa. Umenisikia?"

Nilimsikia vizuri sana. Alikuwa amenipa dawa. Maua yakifa, kaburi halitakuwa tayari, na mama yangu hakuwa mtu wa kuingia mahali ambapo hapajawa tayari.

Nilikwenda mchana, mama akiwa amejilaza. Nilichukua kopo lile lile la maziwa ya unga lililoleta asumini, nikateremka mferejini, nikachota. Maji yale yalikuwa mazito, yakiteleza vidoleni. Niliyamimina kichwani kwanza, penye mrihani, kisha katikati, kisha miguuni. Kesho yake nikarudia. Siku ya tatu nilimimina makopo mawili, nikaosha mikono kisimani, nikaenda kulala kando ya mama nikiwa na moyo mweupe kabisa. Nilikuwa nimemwokoa.

Majani yalianza kuungua ncha. Kisha mrihani ukalala wote kwa pamoja, na asumini ikaangusha majani yake ya chini. Mama alichuchumaa mbele ya kitalu kwa muda mrefu. Akamega udongo kidogo, akauweka kwenye ncha ya ulimi, akautema. Alikuwa ameula udongo ule kwa wiki nyingi, hakuna aliyeijua ladha yake kumshinda.

"Chumvi," alisema. "Imepanda."

Hakulia. Nilikuwa nikimvizia nione kama atalia. Baba aliporudi alisimama naye pale, akamwambia kwa upole kwamba amejaribu, hakuna atakayemcheka, na kwamba huenda ni heri aende kwa mama yake akapumzike hata kabla ya harusi.

"Bado miezi miwili," mama alisema. "Kesho nafukua."

"Kwa hali yako hiyo?"

"Hali yangu iko tumboni. Mikono iko nje."

Baba alimjua mkewe. Alikwenda akalinoa jembe. Mimi nilibaki nyuma ya mlango nikiwa nimejua sasa ugonjwa uko wapi.

Asubuhi nilizinduliwa na sauti ya jembe. Nilitoka na gauni la kulalia. Mama alikuwa ameshang'oa asumini na kuilaza kando, na shimo lilikuwa limerudi, refu lile lile, naye yu ndani anachimba zaidi. Sijui jinsi ya kumweleza mtu kilichonipata. Nilifanya yote niliyoyaweza, nilishindwa, na sasa alikuwa na haraka kuliko mwanzo. Alipotoka kupumua kidogo niliruka ndani, nikalala chali, nikanyoosha miguu, mikono ubavuni kama nilivyomwona yeye.

"Toka humo, Rukia."

"Sitoki."

"Rukia! Huu si wakati wa mchezo."

"Nizike mimi," nilisema. "Wewe una kazi nyingi."

Jembe lilitua chini. Mama aliinama juu yangu, jua likiwa nyuma yake, nisiuone uso wake.

"Nani amekufa?"

"Wewe."

Hapo ndipo yaliponitoka yote, kwa vilio na kamasi: kutapika, udongo aliokula, vijiti, mrihani wa babu, na maji ya mfereji. Nilipofika kwenye maji sikuweza kujizuia. Nilimwambia na idadi ya makopo.

Mama aliketi ukingoni, miguu yake ikining'inia shimoni karibu na bega langu. Nilimwona akitazama asumini iliyolala kando na mizizi yake nje, kisha akanitazama mimi, kisha asumini tena, na nikaogopa kama nisivyowahi kuogopa. Mama alikuwa mkali. Mkono wake niliujua.

"Mara tatu," alisema.

"Mara tatu."

"Na siku ya tatu makopo mawili."

"Mawili."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko alichokuwa akikizuia, kisha kikamshinda, kisha kikageuka kikawa kilio kweli, akajifuta kwa mgongo wa mkono uliojaa tope. Aliteremka shimoni, akaketi kando yangu, akauchukua mkono wangu akauweka tumboni mwake. Palikuwa pagumu, na ndani kitu kikajigeuza.

"Huyu ndiye ugonjwa wangu," alisema. "Nduguyo. Ndiye anayenidai udongo. Na hapa si kaburi, mwanangu, hapa pana maua ya harusi ya mama mdogo. Mimi siendi popote. Bibi yako mwenyewe ameshindwa kuniondoa hapa, sembuse mauti."

Nikalia upya, safari hii kwa raha. Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mama alisimama, akanishika kwapani akanitoa shimoni, akanipa kopo langu.

"Haya. Chumvi umeitia, sasa utaitoa."

Tuliitoa siku tatu. Yeye alichimba, mimi nilibeba udongo ulioharibika kwa kopo, safari nisizoweza kuzihesabu, mpaka magunia yakaonekana. Mizizi ya asumini niliiosha mwenyewe kwenye beseni la maji matamu, mzizi mmoja mmoja, mama akiwa amesimama nyuma yangu akisema "bado" kila nilipodhani nimemaliza. Asumini yenyewe aliikata mpaka ikabaki shubiri moja, haina jani. Mama Kadzo aliulizwa kama kaka yake ana udongo tena, akasema Vitengeni haijahama. Na maji yale matamu yaliyokuwa fungu langu la kuogea yakawa ya kitalu. Tangu siku ile mpaka harusi niliogea maji ya kisima, nikawashwa mwili, nywele zikawa ngumu. Nilipolalamika mama alinijibu, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," na kwa kuwa nilikuwa nimesimama uchi mbele ya ndoo, nikachota nikajimwagia.

Baba hakuambiwa. Alipouliza ilikuwaje, mama alisema chumvi iliingia, na huo haukuwa uongo. Kwa bibi vilevile hakunitaja, siku ile wala baadaye. Nimeishi miaka mingi nikifikiri juu ya hilo. Angeweza kunisimulia harusini watu wacheke, ni kisa cha kuchekesha kwelikweli, lakini alinisitiri. Nilimpenda kabla ya hapo kama watoto wote wanavyopenda mama zao. Baada ya hapo nilimpenda kwa sababu.

Mbegu za mrihani zilichipua baada ya siku saba. Asumini ilikaa kijiti kikavu mpaka baba akaacha kuitazama, na mama akaendelea kuimwagilia kata moja asubuhi na moja jioni, akiwa amejishika kiuno, tumbo limetangulia. Mama Kadzo alimuuliza anamwagilia nini, ukuni? Akajibu kwamba ndiyo, ukuni, na kesho atamwagilia tena. Mimi ndiye niliyeliona jani la kwanza. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Alasiri ya siku ya harusi kulikuwa na vitumba kumi na moja vya asumini, vimefumba, vyeupe. Asumini huchumwa ikiwa bado imefumba, ili ifumbuke ikiwa mwilini mwa aliyeivaa. Mama alinipa nivichume mimi. Kila kimoja nilikishika kama yai. Tuliviviringisha ndani ya kitambaa chenye unyevu pamoja na mrihani, na lori la chumvi likatupeleka Malindi, mama akiwa mbele kando ya dereva, beseni mapajani juu ya lile tumbo.

Nyumba ya bibi ilijaa wanawake na ubani. Juu ya meza kulikuwa na sinia mbili zilizojaa asumini za jirani, nene, nyingi, kwa tahadhari. Mama alifungua kitambaa chake kando ya sinia hizo. Kumi na moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi alikuja, akakiinua kikuba ambacho mama alikuwa amekwisha kukifunga kwa uzi, akakileta puani, akakaa nacho.

"Udongo wa wapi huu?"

"Wa Vitengeni, mama. Juu ya chumvi ya Marereni."

Bibi alimtazama miguu iliyovimba, kucha zilizojaa tope ambalo halikutoka hata kwa limau. Kisha akamwita mama mdogo Zuhura, akambania kikuba kile kifuani kwa mkono wake. "Hiki ndicho," alisema. "Hizo za sinia wavae wageni." Akageuka kwenda zake, akarudi hatua mbili, akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba hayamhusu, "Asumini yangu ilikauka kiangazi hiki. Ukija tena, niletee kijiti."

Mama alimjibu, "Nitakuletea, mama," kwa adabu kamili. Lakini chini ya meza alinifinya mkono mpaka nikaruka.

Ndugu yangu Faraji alizaliwa wiki tano baadaye. Mama hakuhama Marereni, hata baba alipofariki, hata sisi wawili tulipomsihi kwa zamu aje kukaa nasi. Kitalu kile alikifukua na kukijaza upya kila miaka michache chumvi ilipopanda yenyewe, bila msaada wangu. Hakukirefusha wala hakukifupisha. Yale maganda mawili ya chaza yalikaa palepale.

Alipofariki, mwaka juzi, nilikuwa ndani na wanawake. Faraji alikuja mlangoni, macho mekundu, akaniita pembeni.

"Dada, wachimbaji wanataka kipimo."

"Nenda uani," nilimwambia. "Pima kitalu. Kutoka ganda hadi ganda."

Alinitazama akidhani msiba umenizidi. Sikuwa na nguvu za kumsimulia. Mama Kadzo, aliyekuwa ameketi ukutani na mkeka wake alioacha kuushona, mzee sana sasa, ndiye aliyemkatia ukili, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Dadako anajua." Akaenda. Alirudi na ukili ukiwa na fundo kila mwisho. Waosha walipompima mama mwenyewe kwa ukili ule, ukazidi kwa vidole vinne. Umri ulikuwa umempunguza.

"Nipunguze?" Faraji aliuliza.

"Usipunguze hata kidole. Wachimbe hivyo hivyo."

Wakachimba hivyo hivyo. Mrihani wa kuweka kichwani tuliuchuma uani, na ukili nikaurudisha kwangu.

Sasa ninaishi Matsangoni, kwenye kiwanja ambacho ukichimba shubiri mbili unagonga mwamba wa matumbawe. Fundi aliyejenga nyumba aliniambia hapa nipande mabati. Kwa miezi mingi nilimwamini, nikasema nitapanda mwakani. Lakini wiki iliyopita, baada ya kumpigia mtoto ukelele kwa ajili ya ukili, nilimketisha jikoni nikamweleza yote, tangu visheti mpaka vidole vinne, kwa sababu nilikuwa nimeyaona macho yake na nikayatambua. Kesho yake asubuhi tulitoka nyuma ya nyumba na jembe, sururu, na kijiti cha asumini ya Marereni ndani ya kopo. Ukili wa mama tuliuacha msumarini, maana kitalu hupimwa kwa mwenye nacho. Nikatandika leso, nikalala chali, nikamwambia achomeke kijiti utosini na kingine nyayoni.

"Na huendi popote?" aliniuliza akiwa amesimama juu yangu.

"Siendi popote. Chomeka, mamangu, jua linapanda."

Akachomeka. Niliinuka nikatazama, nikalala tena chini apime upya, kwa sababu kile cha nyayoni alikuwa amekipeleka mbali mno.